Nani Anajaza Pipa Jekundu

Doonside, 15 Julai 2021

Mwanangu Stephania,

Salamu hizi zikukute umekaa, maana ninyi wauguzi najua hamkai. Umelala? Umekula kitu cha moto? Mimi kifua kinakoroma asubuhi kama pikipiki ya katekista, kikipata chai kinanyamaza. Mengine yote salama, isipokuwa mapipa.

Usishangae kupata barua wakati kutoka hapa mpaka huko Westmead ni vituo vichache tu vya treni. Simu imetumbukia kwenye ndoo ya maharage niliyoloweka, ikafa bila kuaga, na hii lokdauni yenu ya korona imefunga maduka ya simu. Barua nzuri. Haimpigii mtu kelele akiwa msalani.

Sasa mapipa. Ile karatasi uliyobandika kwenye friji kabla hujahama naijua kama Baba Yetu. Mfuniko mwekundu, taka za kawaida, kila Jumatano. Mfuniko wa njano, chupa, makopo, karatasi na maboksi, Jumatano moja ndiyo, moja hapana. Darasa la nne langu linatosha kwa hayo. Miaka ishirini na sita nimepima kahawa pale chama cha msingi, naingiza mkono kwenye gunia, naujua uongo wa mtu aliyechanganya maganda na mawe. Nishindwe na mapipa mawili?

Jana lori limebeba jekundu, la njano likaliacha limesimama barabarani kama mchumba aliyekataliwa. Limebandikwa stika. Eti taka zimefungwa kwenye mifuko. Ndiyo, zimefungwa. Nilizifunga mwenyewe, mafundo mawili mawili. Mtu gani mwenye heshima anatoa taka za nyumba yake uchi, kila apitaye ajue kala nini?

Swali langu ni hili: nani alichungulia? Lori lina kamera, nimeiona. Lakini zaidi namshuku Mzee Nduwimana wa nyumba ya mbele. Mrundi huyu kila Jumatano anatoka na kikombe chake, anatazama lori kama anatazama mpira. Tena pipa letu jekundu siku hizi linajaa kabla ya Jumapili. Mzee mmoja, ugali na kabichi, linajaaje? Kuna mtu anatupa humo. Nimeanza upelelezi, usiwe na wasiwasi.

Na hivi, kopo la maziwa ya unga, lile la bati lenye mfuniko wa plastiki, linaenda pipa gani? Nauliza tu.

Baba yako,
Ponsian


Westmead, 19 Julai 2021

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, nimechoka tu. Wodi imejaa, tunavaa nguo za plastiki mpaka jasho linaingia kwenye viatu. Nimefurahi kuona mwandiko wako, nikacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka.

Kwanza mapipa. Vitu vya pipa la njano havifungwi kwenye mfuko, baba. Vinamwagwa hivyo hivyo, vikavu. Mfuko unakwama kwenye mashine kule wanakochambua. Mfuko uliofungwa wanaudhania una uchafu ndani, kwa hiyo wanaukataa. Hakuna anayekuchungulia kwa ubaya. Kopo la bati linaenda njano, ulisuuze kwanza. Mfuniko wake, jekundu.

Pili, maziwa ya kopo ya nini? Tangu nikujue maziwa yanakuchefua.

Tatu, jirani yetu Waceke. Unajua nilimwomba atoke kwake kila Jumanne avute mapipa yetu mpaka barabarani, kwa sababu ya kifua chako. Ameniandikia kwamba kila akifika anakuta yameshatolewa, tena yamepangwa vizuri. Anakusifu, eti baba yako ana nguvu. Mimi sijakusifu. Mwaka jana mwezi wa nne ulilala siku kumi na tisa ukipumua kwa mashine kwa sababu mdogo wangu Erasmus alitoka kwenye sherehe yake na kikohozi, akanyamaza, akala na wewe meza moja. Sijasahau. Nilisema na narudia: hakuna mtu anayeingia humo ndani, na Erasmus asivuke mlango wa nyumba yangu. Mimi mwenyewe nimehama kwangu nisije kukuletea ugonjwa kutoka wodini. Kama mimi sivuki, nani mwingine avuke?

Simu nyingine nimempa Waceke akuletee. Tuonane uso, hata kwa kioo.

Mwanao,
Stephania


Doonside, 24 Julai 2021

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa viatu vya jasho. Mimi nipo, kifua kile kile, jino moja linacheza, hamu ya kula ipo zaidi ya ilivyotakiwa.

Maziwa ni ya uji. Mtu akizeeka ulimi unabadilika, waulize madaktari wako.

Mapipa nayavuta mwenyewe, hatua tano napumzika, hatua tano napumzika. Nina siku nzima, nakimbilia wapi? Huyo Waceke wako mimi simwelewi. Mkikuyu anayeacha jioni yake kuja kuvuta taka za Mhaya bila kudai chochote, hapo pana jambo. Anasimama karibu na dirisha, anasema "habari ya jioni baba" huku shingo imeingia ndani kuliko mwili. Umempa kazi ya mapipa au ya upelelezi? Kama ni upelelezi niambie, tugawane zamu.

Simu nimeipokea, nimeiweka kabatini. Sina imani nayo. Ina macho mbele na nyuma. Acha tuandikiane, mwandiko wako ulikuwa umeharibika kwa hayo mafomu ya hospitali, sasa unapona.

La njano nimeelewa, namwaga wazi kama ulivyosema. Aibu yangu naimeza. Sasa nifafanulie hili, kwa elimu tu: kitu ambacho nje ni plastiki na ndani ni pamba, kinahesabiwa plastiki au kinahesabiwa pamba? Mwenye karatasi ya friji hakukifikiria.

Na Nduwimana jana alikuwa tena getini kwake. Namfuatilia.

Baba yako,
Ponsian


Westmead, 31 Julai 2021

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini unaisoma barua hii ukiwa umetulia, na peke yako.

Waceke amenitumia picha. Jumatano pipa la njano limeachwa tena, na kwenye stika wameweka alama penye neno nepi. Nimeitazama hiyo picha wakati wote wa mapumziko yangu. Halafu nikasoma tena swali lako la plastiki na pamba, nikaona mimi ni mjinga.

Baba, kazi yangu ni hiyo. Nimewavalisha nepi walimu wakuu, nimemvalisha mchungaji aliyeniombea huku nikimgeuza. Ni mwili tu, unachoka. Kumbe ndiyo maana hutaki simu yenye macho, na pipa linajaa, na unamsingizia Mrundi wa watu. Umekuwa ukificha peke yako kwenye nyumba ile, na mimi niko huku nasafisha wageni.

Niambie mambo matatu. Tangu lini? Ni ukilala tu au hata mchana? Kuna damu? Nitakutafutia daktari wa kuongea naye kwa simu, hakuna haja ya kutoka. Nepi zinaenda pipa jekundu, zikunje vizuri kwenye mfuko, hizo ndizo za kufungwa. Likijaa, omba nafasi kwenye pipa la Waceke.

Usione haya kwangu.

Mwanao,
Stephania


Doonside, 5 Agosti 2021

Mwanangu Stephania,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Ni zangu.

Nina miaka sabini na moja, sikudhani ipo siku nitamwandikia binti yangu sentensi hiyo. Majibu yako: tangu mwanzo wa Julai, mchana na kulala, damu hakuna. Daktari simtaki, naona kama inapungua yenyewe. Na hili lisifike nyumbani. Akilisikia shangazi yako wa Muleba litatangazwa kanisani kati ya ndoa na mazishi.

Zile za kwenye la njano, jekundu lilikuwa limejaa, nikazifunga mafundo matatu nikajua hakuna binadamu atakayefungua. Nchi hii watu wana moyo.

Umeniandikia vizuri. Nimeona aibu, lakini si ile unayoidhani.

Baba yako,
Ponsian


Westmead, 20 Agosti 2021

Baba,

Shikamoo naiandika kwa sababu nimelelewa kuiandika.

Wiki mbili zilizopita nilikuagizia boksi la nepi za watu wazima, saizi yako. Waceke anasema boksi lipo kibarazani mpaka leo na gundi yake, buibui amejenga juu. Mtu anayevaa nepi mchana na usiku, tangu tarehe tisa hajafungua boksi.

Juzi upepo ulipoangusha pipa letu jekundu lililojaa mpaka mfuniko haufungi, Waceke alivaa glavu akakuokotea. Nepi zina ukubwa wa kiganja cha mkono. Zina picha za bata. Na ameniambia sasa kitu alichokuwa anasita kuniambia, kwamba mwezi uliopita alisikia mtoto analia, akakuuliza, ukamjibu ni redio. Redio gani, baba, inayolia njaa?

Uliniacha nikakuonea huruma. Nilililia lile jibu lako wodini nyuma ya barakoa, pua ikaziba, nikashindwa hata kujifuta.

Nani yuko nyumbani kwangu? Namjua mtu mmoja tu ambaye unaweza kunidanganya kwa ajili yake. Nauliza mara moja. Erasmus yumo au hayumo? Kama yumo, endelea naye, kaa naye meza moja tena. Mimi nitatafuta pengine pa kuishi, sitarudi hapo.

Stephania


Doonside, 24 Agosti 2021

Mwanangu,

Marahaba, hata hiyo ya kulelewa naipokea.

Hayumo. Hajaingia hata mara moja, wala getini. Sasa soma yote kabla hujatupa.

Wiki ya kwanza ya Julai, Jumanne, nilitoka kuangalia mapipa nikamkuta amesimama barabarani, upande wa nje, barakoa usoni. Nyuma yake kuna binti na mtoto wao kwenye blanketi, wa miezi miwili. Binti anaitwa Ninahazwe, Mrundi, anasafisha maofisi, maofisi yenyewe yamefungwa. Nyumba waliyokuwa wamepanga na wenzao sita, mmoja kakutwa na kirusi. Wamelala kwenye gari siku mbili. Wote wamepimwa, hawana, alininyooshea simu niisome nikiwa mbali. Akasema: "Baba, mimi siombi kuingia. Najua Stephania alivyosema, na ana haki. Chukua hawa."

Niliogopa, Stephania, usidhani sikuogopa. Ile mashine ya mwaka jana bado naisikia nikilala chali. Lakini mtu akifika kwako na mtoto mgongoni unamwambia nini? Umwambie subiri niandike barua?

Nikawaweka gereji siku kumi na nne, na kile kihita chako cha kupasha joto. Chakula nagonga mlango, naweka chini, narudi nyuma hatua kumi. Nilivaa barakoa mbili kama jambazi. Wakapimwa tena, hawana. Ndipo wakaingia ndani. Simu haikufa, nimeizima mwenyewe, kwa sababu mtoto hana saa ya kulia. Nduwimana hajawahi kutupa kitu kwetu. Anatoka na kikombe akiona Ninahazwe yuko dirishani, wanasalimiana Kirundi, na yeye ndiye aliyeleta nguo za mtoto. Nilimsingizia ili macho yako yaangalie kule. Waceke nilimsemea vibaya kwa sababu hiyo hiyo, naye ni mtu mwema mwenye shingo ndefu.

Mapipa anayavuta Erasmus. Kila Jumanne Ninahazwe anayasukuma mpaka getini, yeye anayatoa mpaka ukingo wa barabara. Anaacha mfuko wa sokoni juu ya ukuta. Halafu mimi nambeba mtoto dirishani, yeye anasimama kati ya jekundu na njano, anamtazama, anaondoka. Hajamshika tangu Julai.

Ulisema Erasmus asivuke mlango. Mtoto hukumtaja. Najua, hiyo ni hoja ya mtu aliyekamatwa na mawe kwenye gunia la kahawa. Nimewasikiliza wengi wakiitoa na sikumsamehe hata mmoja.

Wamempa jina Kemilembe. La mama yako. Hawakuniuliza, nilikuta wameshampa.

Baba yako, mwongo,
Ponsian


Doonside, 12 Septemba 2021

Mwanangu,

Nakusalimu tena ingawa salamu ya kwanza haijarudi. Kifua kizuri. Jino limetoka.

Siku kumi na tisa sasa. Nimehesabu. Nilimwomba Waceke akupigie, akasema uko salama, unafanya kazi, akatazama chini. Basi si ugonjwa, ni hasira. Iandike. Niandikie hata matusi, nitayasoma yote kisha nitayatia pipa la njano, wazi, bila mfuko.

Simu nimeiwasha tangu siku ile niliyokutumia barua. Iko juu ya friji. Haijalia.

Nasikia watu wakisema wewe ndiye mwenye nyumba, na mimi ni mgeni niliyeleta wageni. Ni watu gani, utauliza, wakati watu hakuna njia nzima. Ni mimi mwenyewe, nikioga.

Ukisema waondoke nitawaambia. Nitaondoka nao, lakini nitawaambia.

Baba yako,
Ponsian


Westmead, 22 Septemba 2021

Baba,

Shikamoo. Hii naiandika kwa moyo wake.

Sikukujibu kwa sababu sikukuamini. Ulikuwa umeshanidanganya simu, maziwa, Mrundi, na mwili wako mwenyewe. Barua ya ukweli ilikuwa na mwandiko ule ule wa barua za uongo, sikujua nizitenge vipi. Nilikuwa na hakika kwamba Erasmus yumo ndani, na hiyo hadithi ya kusimama barabarani umeitunga vizuri kwa sababu unajua kutunga.

Kwa hiyo jana nilikuja. Ilikuwa Jumanne. Nilitoka zamu saa saba, nikapanda treni, nikamwomba Mzee Nduwimana anikubalie nisimame nyuma ya uzio wake. Hakuuliza kitu. Aliniletea kiti. Nilikuja kumkamata, baba. Nilishika simu mkononi nimpige picha akivuka geti, ili siku ukikana nikuonyeshe.

Akaja saa tisa. Amekonda. Akaweka mfuko juu ya ukuta, akavuta mapipa, jekundu kushoto, njano kulia. Ukatokea dirishani na mtoto. Nikasubiri. Nilijua mtoto akiondolewa dirishani geti litafunguliwa. Mvua ikaanza, ukamwashiria kwa mkono aje barazani ajikinge, nilikuona, usibishe. Akatikisa kichwa. Akasimama pale na mvua yake mpaka mtoto akalala begani kwako, ndipo akaondoka kwa miguu kuelekea stesheni. Dakika arobaini. Hakugusa geti.

Nilikuwa mbali naye kama upana wa barabara. Sikumwita. Sijui kama ni hasira au ni nini.

Sasa sikiliza. Ninahazwe aandikishwe sindano ya chanjo wiki hii, Waceke atamsindikiza. Mwambie Waceke ukweli mwenyewe, kwa mdomo wako. Pipa jekundu moja halitoshi watu watatu na nepi, nimewaomba kaunsili, halmashauri ya hapa, kubwa zaidi.

Jumanne Erasmus aingie getini. Akae barazani, barakoa usoni, mtoto atolewe nje ampakate. Mlango bado. Habari ya mlango nitaongea naye mwenyewe, wodi ikipungua nitakuja, na simu yako isizimwe.

Na mtoto msimsimamishe tena dirishani bila kofia. Nilimwona, kichwa wazi, na upepo ule.

Shangazi yake,
Stephania